Mume Wangu Alijibu Ndiyo kwa Kila Swali

Mpendwa Mama Loice, nisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana siku hiyo mume wangu anarudi ghalani kubeba mizigo, na daktari ameshasema mgongo ule ukibebeshwa tena huenda miguu isimtii.

Sisi ni Warundi, tunaishi Gulfton, hapa Houston, mume wangu Audace ndiye kiongozi wa kwaya yetu, mtu ambaye sijamsikia akilalamika tangu kambi ya wakimbizi, na nampenda kwa hilo, lakini hilo hilo ndilo limetuponza. Ofisi ya serikali ilimwita apimwe uwezo wa kufanya kazi, waone nini kinamzuia ili wampe mafunzo ya kazi nyepesi, naye akavaa suti ya Pasaka, akanyoa ndevu, akaingia akitabasamu kama bwana harusi. Mama wa ofisi akamuuliza, mkalimani akiwa kwenye simu, kama anaweza kuinama, ndiyo, kusimama kutwa, ndiyo, kama analala vizuri, ndiyo, na alipoona kisanduku cha karatasi sakafuni akakinyanyua mwenyewe bila kuombwa, akakiweka mezani, akasema, "Kazi yoyote, mama, mimi niko tayari." Mimi nilikaa kando yake nimeinamisha kichwa, kwetu mke hamkatizi mumewe mbele ya wageni. Tulipofika kwenye gari alishindwa kuinua mguu aingie, nikamwinulia. Kambini tuliambiana kwamba anayejitaja mgonjwa faili lake la kwenda Amerika linalala, tukajizoeza kusema tu wazima, nami naona Audace bado yuko kwenye ile foleni. Sasa barua imekuja, inasema hana kizuizi chochote, na tuna siku kumi za kukata rufaa. Nikiandika ukweli nitamfanya mwongo mbele ya serikali, nikinyamaza ataharibika kabisa. Kila asubuhi napiga magoti kumfunga kamba za viatu kabla binti yetu Carmen hajaamka, asimwone baba yake. Nifanyeje?

Mama Carmen, Gulfton

Mama Carmen, mumeo nimempenda bure. Mtu wa kunyanyua kisanduku huku mgongo ukimlilia, tena kwa tabasamu, hapatikani kila siku hapa Houston.

Lakini mmenichosha nyinyi wawili. Ule haukuwa usaili wa kuingia Amerika. Mlishaingia, jamani. Yule mama alikuwa anatafuta pa kuwasaidia, nanyi mkamfungia mlango kwa heshima zote. Mimi ni muuguzi, wanaume wa namna hii nawajua, anakwambia hajambo na shuka limelowa jasho. Mficha maradhi, lililobaki unalijua.

Jumatatu haendi. Hilo halina mjadala, mpigie daktari leo awaandikie barua ya kazini. Usiandike rufaa kwa siri, iandikeni pamoja wiki hii, ombeni apimwe upya na safari hii mkalimani awe naye chumbani. Wala usimlazimishe kusema "siwezi." Neno hilo halimo kinywani mwake na halitaingia kwa siku kumi. Mwombe aeleze tu anavyofanya. Viatu anavaa? Anavaa, mke akipiga magoti. Analala? Analala, kitini, masaa mawili. Gari anapanda? Anapanda, akiinuliwa mguu. Hapo hajajidharau hata kidogo, na aliyeuliza ameelewa. Kisha wewe siku hiyo kaa nje ya mlango, maana mbele yako atanyanyua hata dawati.

Na kuna moja la kufanya kabla ya hayo yote. Kesho ukipiga magoti kufunga hizo kamba, mwambie ulichoniambia mimi, kwamba unampenda. Ananyanyua visanduku kwa sababu hilo hana hakika nalo.

Mama Loice