Baba Anataka Spika

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono yenye grisi, kwa hiyo usishangae ukikuta alama ya kidole gumba pembeni mwa karatasi. Hujambo huko uliko? Kile kifua kimeacha kukusumbua? Na wifi yangu anaendeleaje? Mwambie kitambaa alichonitumia nimekishonesha, na kila ninapokivaa wateja wanaanza kuniita madamu badala ya fundi. Sisi huku tunashukuru. Mama mzima, isipokuwa magoti yake yanamlalamikia kwenye ngazi; mdomo wake bado haujaugua hata siku moja. Baba naye yupo, na habari yake ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu badala ya simu.

Najua umesema hutapiga tena mpaka yeye mwenyewe akutafute. Sikulaumu. Uliponieleza kwamba ulimpigia kumwambia umeachishwa kazi, naye akakujibu kuwa ni vizuri sana, hongera mwanangu, kisha akampa Mama simu, hata mimi damu ilinichemka. Mama hukumwambia kitu, na mimi ulinikataza nisiwaambie wazee neno lolote, nami nikaufunga mdomo wangu, jambo ambalo unajua si jepesi kwangu. Lakini nilibaki na swali. Hukunipa jina la Kwanini bure. Baba ni mkali, ana kiburi chake, na akitaka kukukata kwa maneno anakukata, ila sijawahi kumwona akimcheka mtu aliyeanguka. Jibu lile halikuwa lake. Nililigeuzageuza kichwani wiki hadi wiki, mpaka siku alipoingia gereji kwangu na gari lake la wazi.

Unalikumbuka vizuri, sina haja ya kukuchorea: rangi ile ya zabibu, viti viwili vya ngozi, kijikalio cha nyuma kinachofaa begi au mtoto asiye na miguu, na turubai la kukunja ambalo tangu tuzaliwe halijawahi kuzuia mvua. Mama bado analiita mke mwenzangu. Unaikumbuka na sheria yake: hakuna redio. Siku ile ulipokifunga kiredio chako kwenye dashibodi kwa mpira wa baiskeli, alikifungua taratibu, akakuwekea mapajani, akasema muziki garini ni wa watu wanaoogopa kusikiliza injini zao. Ulinuna mpaka chakula cha jioni. Naye alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana huyu ndiye mtu aliyekuwa akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, anafumba macho, halafu anakuambia valvu ya tatu imelegea. Ukifungua, unaikuta ya tatu.

Basi aliegesha mbele ya gereji, akazima, akashuka, akaniambia anataka spika.

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza spika za nini. Akaniuliza kwani mimi wateja huwafungia za kufulia nguo? Nikachukua tochi nikaingia chini ya dashibodi, lakini udadisi ulikuwa umeshanipanda kichwani. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba analiuza, na mnunuzi ndiye anayetaka muziki. Nikamwendea rafiki yake fundi viti, nikamchokonoa kwa mbali, na yule mzee akaapa kwamba Baba angemuuza yeye kwanza kabla ya gari. Nikamgeukia Mama, nikidhani labda ni yeye aliyemsumbua. Mama alicheka. Alisema angekuwa wa kuomba kitu katika gari lile, angeomba mlango usiomng'ata sketi. Akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba siku hizi yeye haombi kitu kwa Baba, maana hajibiwi. Nilimsikia akisema hivyo, nikachukulia ni maneno ya wazee waliozoeana.

Kazi yenyewe, kaka, ilinitoa jasho. Milango ya gari lile ni myembamba. Ukiweka spika humo, kioo hakishuki tena. Dashibodi ni ya chuma, na kuitoboa ningejisikia kama ninamtoboa bibi kizee masikio. Halafu umeme wake ni wa kale, waya chanya wa betri ndio umefungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, kwa hiyo ukiweka redio mpya kichwakichwa inaungua kabla haijakuimbia hata ubeti mmoja. Ikabidi nigeuze mfumo mzima wa umeme, Baba akiwa ameketi juu ya ndoo akinisimamia kama mwanafunzi wa mwezi wa kwanza.

Nilimshauri tuweke spika ndogo karibu na vichwa vya viti, zielekee masikioni, maana katika gari lisilo na paa upepo huiba sauti, na zile nyembamba ndizo za kwanza kuibiwa. Alikataa. Alisema hataki sauti safi, anataka sauti nyingi. Nilimtazama. Mtu aliyetutesa utoto mzima tusipige hata mluzi garini! Nikachonga boksi la mbao likae nyuma ya viti, fundi viti akalivalisha ngozi inayofanana na ile ya zamani mpaka ungedhani gari lilizaliwa nalo. Siku ya kujaribu nilimuuliza nimpigie wimbo gani, naye ambaye zamani alikuwa na maoni juu ya kila mwimbaji chini ya jua akasema wowote. Akaweka kiganja juu ya boksi, akatikisa kichwa, akasema kazi nzuri. Alipoondoka ndipo nilipokumbuka kuwa nilikuwa bado sijaunganisha waya wa spika ya kushoto. Upande mmoja ulikuwa kimya kabisa, na Baba aliusifu. Hilo nalo likaongezeka kwenye maswali yangu, na nikamfuata nyumbani kesho yake kuumalizia.

Jumapili akatutoa matembezi. Mama mbele, kitambaa kichwani amekikaza kwa pini. Mimi kwenye kijikalio, magoti kidevuni, boksi likinipiga mbavu kwa kila mdundo. Baba akafungua muziki mpaka vioo vya maduka vikajibu. Na hapo, kaka, nikaona kitu ambacho sikukitarajia. Baba aliongea.

Lazima nikueleze kwamba kwa muda mrefu sasa Baba mezani alikuwa anakula, anaitikia kwa kichwa, anaondoka. Tulidhani ni uzee, au ni kisirani. Lakini ndani ya gari lile aliongea njia nzima. Alitupa kisa cha mteja aliyemimina mafuta ya kupikia kwenye injini na kushangaa kwa nini barabara nzima inanukia vitumbua. Mama akapiga kelele kuuliza nini? Baba akarudia kwa furaha, kwa sauti kubwa zaidi. Mama naye akasema lake, Baba akauliza nini? Mama akarudia. Mimi huko nyuma nikawa nauliza nini kwa wote wawili. Hakuna aliyekasirika. Tulicheka mpaka Mama pini zikamtoka.

Tukafika kwenye taa, nyekundu ikawaka, na hapohapo fyuzi ikakatika. Muziki ukazima ghafla. Injini ikabaki ikinguruma polepole, mtaa mzima umetulia, lakini Baba hakunyamaza. Aliendelea kupayuka kwa nguvu zake zote, akimkumbusha Mama siku ya kwanza alipopanda gari lile, jinsi alivyofumba macho kwenye kona akaikumbatia breki ya mkono akidhani ni mkono wa Baba. Mwanamke aliyekuwa anavuka na kapu la mboga akasimama katikati ya barabara. Dereva wa gari la mizigo pembeni yetu akashusha kioo ili asipitwe. Baba hakujua. Mama akamwekea kiganja mkononi, naye akamtazama usoni, kisha akawatazama watu, kisha akageuka kulitazama boksi. Ndipo akanyamaza. Kijani ilipowaka aliliondoa gari taratibu, akaliegesha kando ya kituo cha mafuta, na hakuna aliyeshuka.

Alituambia huku akitazama usukani. Usikivu umemtoka kidogo kidogo, alisema, na alianza kujua siku alipoweka bisibisi kwenye injini ya mtu na kukuta kimya. Tangu hapo anatambua injini kwa kiganja. Injini zinamvumilia, watu ndio hawamvumilii. Nyumbani sisi tunasema, tunacheka, na yeye anafika nyuma yetu wakati kicheko kimekwisha. Akiuliza nini mara ya kwanza tunamrudia, ya pili tunarudia kwa kuchoka, ya tatu tunamwambia basi, si kitu. Akachoka kuambiwa si kitu. Ndipo akafikiria gari. Kwenye gari la wazi lenye muziki mkubwa, alisema, kila mtu anauliza nini.

Mama alilia, kaka. Alimshika shingoni palepale mbele ya wauza mafuta, akamwambia kwamba muda wote huo alidhani amechokwa, kwamba anaongea na mume asiyetaka tena kusikia sauti yake. Mimi nilijikunja kwenye kijikalio changu nikatamani kuwa begi.

Lakini unanijua. Machozi yalipopungua nikamgusa Baba bega ageuke, nikamuuliza habari ya simu. Akasema kwamba ya simu ndiyo mbaya kuliko zote. Hasikii neno hata moja. Anasikia mvumo, nzi ndani ya chupa. Anajua ni wewe kwa sababu Mama amemwambia ni wewe. Anasubiri nzi atulie, anasema vizuri sana, hongera, mwanangu, maana alidhani hakuna ubaya mtu kumpongeza mwanawe kwa lolote, halafu anampa Mama simu haraka kabla hujamuuliza kitu.

Huo ndio ukweli wote, na hapa ndipo ninapokiri. Baba aliniapisha nisikuambie. Alisema umekua ukijua kuwa baba yako anasikia valvu iliyolegea, na anataka uendelee kujua hivyo. Nikaapa. Sasa navunja kiapo chake kwa kukuandikia, na kwa kuwa sikuona haki kumsema mtu kwa mgongo, nikavunja na cha kwako cha kutowaambia wazee: nilipofika mwisho wa aya iliyopita nilimpa Baba barua hii aisome. Ukinikasirikia, nikasirikie ukiwa hapa nyumbani.

Aliisoma amesimama mlangoni pa gereji kwenye mwanga. Kwanza alinisahihisha. Anasema sikugeuza mfumo mzima wa umeme, niligeuza betri na dainamo tu, na nisijitie ufundi mbele ya kaka yangu. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, kwenye aya unayoijua. Akakaa juu ya ndoo. Aliniuliza ni lini jambo hilo lilitokea, nikamwandikia mwezi kwenye vumbi la boneti. Akauliza kama umepata kazi nyingine, nikamwambia kwa ishara kwamba unabangaiza. Akavua miwani akaifuta kwa ovaroli langu, ikachafuka zaidi, akaivaa hivyohivyo.

Baba amekubali kumwona daktari wa masikio, shingo upande, kwa sharti kwamba twende na gari lile na muziki ukiwa wazi. Spika nimezipa fyuzi ya peke yake, haitatuaibisha tena. Mama amejifunza kumgusa bega kabla ya kuongea, na juzi waligombana jikoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, nilifurahi kuwasikia.

Kwa hiyo usipige simu. Andika, anasoma kila kitu, hata maandishi kwenye makopo ya grisi. Na ukija, kaa mbele, umgeukie unapoongea, na usiseme si kitu.

Msalimie sana wifi, mwambie boksi la spika lina kona kali na kijikalio nimemwachia yeye. Mama anakuombea usiku na mchana na anauliza kama unakula. Hapo chini nimeacha nafasi, maana Baba ameniomba kalamu.

Mdogo wako akupendaye,
Kwanini

*Mwanangu, habari ya kazi yako nimeisikia leo. Pole sana. Baba yako.*