Baba Ananuka Moshi, Nami Nimekatazwa Moshi

Shangazi Corinne mpendwa, naomba msaada, maana ninachomfanyia baba yangu kila Jumapili kinanila roho na sina wa kumwambia.

Baba yangu ni Alyre, mkausha samaki kwa moshi kijijini kwetu Cap-Pelé, pwani, na mimi mwaka huu nimepata ufadhili wa utafiti wa kemia katika maabara ya serikali mjini, kazi yangu ni kupima sumu za moshi zinazoingia kwenye samaki, vipimo vidogo mno, na mashine yetu ina pua kali kuliko mbwa, kila asubuhi tunaipa kwanza chupa isiyo na kitu ili tujue mashine ni safi, basi vuli hii nilikuja kumsalimia baba, nikarudi nikaoga, nikafua, nikabadilisha kila kitu, lakini Jumatatu ile mashine ikasoma moshi kwenye chupa tupu na kazi ya wenzangu wote ikamwagwa, na msimamizi wangu, Daktari Hennessey, akaniita pembeni akasema, "Zélie, sijui unapita wapi, ila ikitokea tena nafasi yako nampa mwingine." Nikamjibu tu kwamba nilipita karibu na banda la samaki.

Sasa baba anaumwa mapafu, daktari wake amesema huenda asiione theluji ikiyeyuka, na ufadhili wangu hautakwisha kabla ya hapo. Bado anashinda bandani kwake, hasikii la mtu, moshi umemwingia kwenye nywele, kwenye ngozi, hadi kwenye mto anaolalia, kwa hiyo nikija nasimama uani kando ya gari, yeye dirishani, tunaongea kwa kupaza sauti kama majirani waliogombana. Dada yangu Ginette hunisuta, "Ingia ule supu ya kuku, au siku hizi wasomi hawali kwetu?" Nasema nina haraka. Nilipokuwa mdogo watoto shuleni waliziba pua nikipita, nikarudi nyumbani nikamlilia baba, kwa hiyo sasa anadhani anajua kwa nini siingii.

Jumapili iliyopita nilimkuta amekaa barazani kwenye baridi, amenyoa ndevu alizokuwa nazo tangu sijazaliwa, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani, nywele bado mbichi, akaniambia, "Nimeoga mara mbili, mwanangu. Ginette kanisugua mgongo. Sinuki sana leo, au vipi?" Akanyoosha mikono. Nami, Shangazi, nikarudi nyuma. Sikukusudia, miguu ilirudi yenyewe. Akaishusha mikono akaitia mifukoni, akaniuliza kama barabara ina barafu.

Nikiacha kazi nitakuwa nimetupa kile alichonisomeshea kwa moshi huohuo, nikibaki atakufa sijamgusa. Nifanye nini?

Zélie


Zélie,

Pole. Nimeisoma barua yako nikashindwa kumaliza chai. Nimeshakupa pole, sasa nikugombeze.

Unaniuliza uchague kazi au baba, na hakuna hata mmoja wao uliyemweleza ukweli. Baba yako hajui habari za chupa wala mashine. Anachojua ni kwamba binti yake anamwonea kinyaa, na mzee wa watu kanyoa ndevu zake kwa ajili hiyo. Umekaa kimya kwa sababu gani, mwanangu? Umesoma mpaka umesahau kusema? Na huyo Hennessey wako naye anadhani una uzembe tu, maana umemwambia ulipita karibu na banda, kana kwamba ulikuwa unatembeatembea. Mficha uchi hazai.

Kwa hiyo mpigie Hennessey simu leo, usingoje Jumatatu. Mwambie kwamba baba yako anakufa, na kwamba moshi ulioingia kwenye mashine ulitoka kwake. Omba kazi ya mbali na mashine, hesabu au ripoti, au omba likizo. Huenda akakubali, huenda akakataa, sitakudanganya. Akikataa, nenda kwa baba yako hivyohivyo. Utaumia, najua, na baba yako naye ataumia kwa ajili yako, lakini ufadhili hutangazwa tena na wewe bado kijana.

Mwambie Ginette asimwogeshe tena kwa ajili yako. Usimwambie mzee azime moto wake. Ingia bandani umkute hukohuko, uketi kwenye benchi lake, ule hiyo supu hata kama imepoa.

Na ukifika usianze na maelezo. Mkumbatie kwanza, na usimwachie mpaka akuachie yeye. Ndipo umweleze kwamba hukuwahi kumwonea haya, hata siku moja. Mweleze polepole, kisha urudie kesho na keshokutwa, kwa sababu baada ya Jumapili ile, mara ya kwanza hatakuamini.

Shangazi Corinne