Kopo la Kokoto Langoni mwa Zizi

Kigali

Mayu, mama yangu,

Mwangaluka! Hali yako? Na usinijibu "nzuri tu", nataka ya kweli. Mvua imeshafika hapo Nkololo, au pamba bado inaungua? Mimi mhola, mzima kabisa, ila nina jambo la kukugombeza. Nitalisema baadaye, maana ukilisoma mapema utaikunja barua.

Hapa kazini tunatengeneza programu ya kengele za wagonjwa hospitalini. Ina mzunguko mmoja mkuu, unaoshika kazi moja baada ya nyingine. Mgonjwa akibonyeza kengele, hairuhusiwi kuukatiza. Inaacha ishara tu, na mzunguko ukimaliza ulichoshika unaiona. Lakini kwenye majaribio, mara mojamoja mwito ulikuwa unapotea. Nilihangaika mno, nikimfikiria mgonjwa anayebonyeza na asije mtu.

Ndipo nikakukumbuka ukikamua. Hukutaka kusemeshwa, ng'ombe asije akazuia maziwa. Mwenye neno alitupia kokoto kwenye lile kopo la rangi langoni, akasubiri nje. Ukimaliza ng'ombe, unamwaga kokoto zote kwanza, halafu ndipo unauliza, "Haya, nani ana neno?" Siku moja shangazi alikuuliza kwa nini usisikilize kwanza. Ukamjibu, "Nikiwasikiliza kwanza, mwingine atafika na kutupia yake. Nitaimwaga na zenu, abaki nje nisijue."

Mayu, wewe ni kiboko! Mimi nilikuwa nasoma miito kwanza, ishara nazifuta mwisho. Mwito ulioingia katikati, ishara yake ilifutika pamoja na za waliokwisha kusikilizwa. Nimegeuza mpangilio, na hakuna mwito uliopotea tena. Wenzangu sasa wanaiita sehemu ile ya programu "kopo la Mayu". Najivunia wewe mpaka nawachosha.

Sasa ugomvi wetu. Masanja mdogo wangu kaniambia ulilazwa Bariadi, ukamkataza asinipigie, eti "mwache, yuko kazini". Nimelia, Mayu. Wewe uliyetufundisha sote kutupia kokoto, mimi umeninyima hata moja? Nibipu tu. Sitapokea, wala hutanikatiza. Nikimaliza nilichoshika nitakupigia.

Msalimie shangazi, na Masanja, mwambie amefanya vizuri kukuchongea. Na yule ng'ombe mwekundu, kama bado anapiga teke ndoo.

Simu yangu iko hapa mezani. Nibipu leo, hata kama huna neno.

Mwanao akupendaye,
Minza