Mwalimu Mkuu Ahubiri Adu

Wifi yangu Rehema,

Hamjambo wewe na wanangu? Huku Adu jua linachoma hata kivulini. Kaka yangu, huyo mumeo, kaacha ukuu wa shule na mvi zake kichwani akasomee uchungaji, lakini ukuu haujamwacha. Jana, katika mahubiri yake ya kwanza ya majaribio, aliwasimamisha mlangoni waliochelewa, akiwemo bibi mmoja aliyechelewa kwa kutupikia waumini mihogo ya nazi.

Baada ya ibada bibi akampakulia, akamuuliza taratibu, "Mkeo yuko wapi, baba?"

"Nyumbani na watoto. Mimi nimeitwa na Mungu."

"Na yeye kaitwa, au kaachwa tu?"

Kaka alitafuna kipande kimoja mpaka sote tukamaliza sahani.

Nakukumbatia, wifi. Akikupigia simu, usiipokee upesi. Naye asimame mlangoni kidogo.

Wifi yako,
Dama