Grisi ya Muindi

Jumamosi, 5 Julai 2025

Mwangangi amefika asubuhi na sanduku la spana. Hakupiga simu. Amesimama langoni akasema amekuja kufufua pikapu ya ndugu yake, eti si vizuri gari la marehemu kuozea uani. Nikasema karibu shemeji. Ningesema nini?

Tangu tumzike mume wangu Muindi mwaka jana, pikapu imelala chini ya mabati. Mimi sabuni yangu inatoka hapa Njiru mpaka Soko la Burma kwa kubahatisha lifti na mkokoteni. Wenye bucha hawangoji. Meza zao zina mafuta ya jana, wanataka jeriken ifike kabla nyama haijakatwa. Nikichelewa wananunua kwa mwingine.

Kwa hiyo nimefurahi. Naandika ili nijionee mwenyewe: nimefurahi. Kidogo.

Mwangangi alikuwa dereva wa lori, amestaafu juzi. Miaka yote kwenye usukani imemfanya aamini injini zinamwogopa. Kufikia jioni alikuwa ameitawanya yote juu ya magunia yangu.

Jumatatu, 7 Julai

Ameanza kusafisha. Mafuta taa kwenye karai, na mswaki wa zamani. Nilidhani ni wa zamani — ni wangu! Nilipouliza akasema shemeji, mswaki ni mswaki.

Uani kunanuka. Nguo zangu kwenye kamba zinanuka. Ile grisi nyeusi imeganda na baridi hii ya Julai, mafuta taa yanaipaka tu huku na huku.

Jumatano, 9 Julai

Leo alichemsha vyuma kwa sabuni ya unga, ndani ya sufuria yangu ya githeri. Kabla ya hapo alijaribu jivu na maji moto. Kabla ya jivu, ndimu. Anatazama video kwenye simu, halafu anaingia jikoni kwangu kuchukua kitu bila kuomba. Magadi yangu ya kupikia yameisha. Nilimwambia mafuta yaliyoganda uyakwangue kwanza, ndipo utie sabuni. Mimi kazi yangu ni kuondoa mafuta, jamani. Akasema hizo ni za vyombo, Mama Kate, hii ni injini.

Ile grisi ni ya Muindi. Nimeijua miaka mingi. Ilikaa chini ya kucha zake hata siku ya kanisa, ilikaa kwenye foronya, niligombana nayo kuliko nilivyowahi kugombana na mtu. Leo nimemwona Mwangangi akiikwangua na kisu changu na kuifuta kwa gazeti, na nikaona vibaya. Sikutegemea.

Kisha nikakiona kifuniko cha juu cha injini. Kina namba moja mpaka kumi kando ya matundu ya bolti, kwa rangi yangu ya kucha, ile nyekundu. Muindi aliziandika ajue bolti ipi ikazwe kwanza. Nilimnunia wiki nzima kwa sababu ya ile chupa. Saba yake ina kistari katikati, vile alivyoandika saba maisha yake yote. Sina mwandiko wake mwingine ambao unanichekesha.

Mwangangi alipoenda kununua sigara nilikichukua nikakificha kwenye kibanda cha sabuni, nyuma ya madumu.

Alhamisi, 10 Julai

Wangeci alikuja tupike sabuni ya vipande. Tangu tuanze biashara pamoja hatujakosa siku ya kucheka, na leo tulimcheka yeye tena, ile siku ya kwanza alipokorogea kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni, kwenye sufuria. Maji yalichemka bila moto, sufuria ikawa nyeusi, ikatoboka mbele ya macho yetu. Tangu hapo kostiki yetu haiguswi ila kwa plastiki. Inakula alumini kama ugali.

Mwangangi anatafuta kifuniko. Ameuliza mara mbili. Nimesema labda paka.

Jumapili, 13 Julai

Sasa nimejua.

Nilirudi kanisani mapema, kichwa kinauma. Alikuwa uani na simu, anaongea Kikamba kwa sauti ya mtu aliye kwake. Alikuwa anaongea na mwanawe, Mbithi. Kwamba ajitayarishe, gari likikamilika linarudi nyumbani Wamunyu, yeye Mbithi ndiye atakayeliendesha, kubeba vinyago kama Muindi alivyobeba. Kwamba wazee wameshakaa, wamekubaliana gari ni la boma.

Wameshakaa. Hicho kikao nakikumbuka! Ilikuwa Pasaka. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia. Nilipeleka chai wakanyamaza, nikadhani wanamwombea Muindi.

Nilimngoja amalize nikamwuliza. Hakuona haya. Akaniambia polepole, kwa upole kabisa, "Mama Kate, wewe ni wetu. Na hii gari ni yetu. Sasa shida iko wapi?"

Nikamwambia pikapu ilinunuliwa na sabuni nusu na vinyago nusu. Akasema mambo ya nyumbani huzungumziwa nyumbani. Kisha akaniuliza kama kuna chai.

Nilimpigia Kate huko Kisumu. Mama usigombane na watu wa baba, akasema, ukigombana nao nani atakusimamia. Amekuwa na hekima ghafla, huyu mtoto, tangu aende mbali.

Jumanne, 15 Julai

Nampikia. Anakula. Anasifu chumvi.

Nina uchungu mpaka kwenye meno.

Alhamisi, 17 Julai

Nilimwambia Wangeci. Akasema funga lango, mfukuze. Ni rahisi kusema, yeye mume wake yuko hai. Nikimfukuza Mwangangi watakuja wazee watano, na wote nitawapikia.

Karibu kila kitu kimeng'aa sasa, isipokuwa hedi, ile sehemu nzito ya juu ya injini. Lakini hii si nzito sana. Mwangangi aliiinua kwa mikono miwili akacheka. "Hii ni alumini tupu. Ni sufuria tu hii." Mafuta ya miaka yameungulia humo ndani, mswaki haufiki.

Muindi alikuwa akisema ukiharibu hedi ya pikapu hii, uza vyuma vilivyobaki kwa kilo, maana nyingine hutaipata.

Ijumaa, 18 Julai

Aliniomba kitu leo. Kwa mara ya kwanza aliomba.

"Mama Kate, ile dawa yako kali ya sabuni, ile inaunguza mikono. Si hiyo inakata grisi?"

Nikasema inakata.

"Nipatie kidogo nijaribu na hedi."

Nilisimama pale mlangoni. Nikamwambia avae glavu, atie unga wa dawa kwenye maji, asitie maji kwenye unga. Nikamwambia atumie pipa langu la plastiki. Nikamwambia, na hili naliandika lilivyo, "Usithubutu kuikoroga kwenye sufuria."

Hakuuliza kwa nini. Angeuliza ningemwambia. Nafikiri ningemwambia.

Akasema sawa, kesho asubuhi. Hajanisikiliza tangu aje, na leo ameitikia kila neno kwa kichwa kama mtoto mzuri.

Jumamosi, 19 Julai

Niko sebuleni, dirishani. Pazia nimelifunga nusu. Chai imepoa.

Ametia hedi pipani. Nilimwona akiishusha kwa waya, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kimya kidogo. Halafu povu.

Povu linapanda. Mvuke unatoka kwenye baridi. Amerudi nyuma hatua moja, anacheka.

"Mama Kate! Dawa yako ni moto! Uchafu wote unatoka!"

Maji yamekuwa meusi. Anadhani ni grisi.

Nilifikiri nitasikia furaha. Nimesikia kitu, lakini si hiyo. Nimesikia njaa, na nimetoka kula. Bado inawezekana kuitoa. Ikitoka sasa hivi na kumwagiwa maji mengi, pengine itapona. Pikapu itanguruma tena uani kama zamani, nami nitasimama langoni nikiitazama ikienda kwa Mbithi.

Basi ichemke.

Anaingia kwenye kibanda. Amesema anataka dawa zaidi. Dumu liko mbele tu, atachukua na kutoka —

Hatoki. Nasikia anasukuma madumu.

Ametoka na kifuniko.

"Kumbe hii ilikuwa hapa, na mimi natafuta wiki nzima!" Hana hasira. Anakigeuza kwenye jua. Anazisoma namba kwa kidole, kwa sauti, moja mbili tatu, amefika saba, ametulia. Ameijua saba ya ndugu yake. Nimemwona uso.

Kisha akakikuna kwa ukucha. Kina mafuta, kweli, pembeni kote.

Amekuja mpaka kando ya pipa. Nikimwambia asikitie humo, ataniuliza kwa nini, na safari hii atangoja jibu. Nikimjibu, atatazama ndani ya pipa.

"Mama Kate," ananiita, ameniona nyuma ya pazia. "Na hii pia niweke?"

Amekishika juu ya povu kwa vidole viwili, na ananitazama.