Michubuko ya Simaloi ni ya Mikono Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Lengai Koikai Meitamei. Umri: miaka 51. Kabila: Mwarusha. Dini: Mlutheri. Elimu: darasa la tano. Kazi: mchimba visima. Makazi: Sombetini, Arusha.
Tarehe 14/05/2025, saa 5:10 asubuhi.

Mimi ni kaka wa Silantoi, mama wa Simaloi, mtoto wa miaka mitano. Naishi nao. Nimechimba visima kuanzia Makumira hadi Monduli, na ng'ombe mzima nimewahi kumtoa shimoni peke yangu, uliza yeyote. Afande ameniambia niseme ya mtoto. Sawa.

Wiki ya tatu sasa Simaloi anapiga yowe usingizini. Analala saa mbili; ikifika saa nne hivi anakaa wima, macho wazi, jasho linamtoka, na ukimwita hakuoni. Mama yake husogeza viti asijigonge, anasubiri. Baada ya dakika kumi mtoto hujilaza mwenyewe. Majirani wakawa wanasema anapigwa.

Mnamo tarehe 12/05/2025, saa 4:20 usiku, alianza tena. Nilikuwa sijalala siku mbili. Silantoi alisema, "Kaka, mwache, itapita." Nikamjibu kuwa mtu aliyeshika fahali kwa pembe hashindwi na ndoto. Nilimkamata mtoto mikono yote miwili, nikamtikisa. Hakuamka, alizidi. Akaning'ata mkono wa kulia, nami nikazidi kumbana. Silantoi ndiye aliyenibandua.

Asubuhi Simaloi alikunywa uji kama kawaida. Akaona mkono wangu, akauliza, "Mjomba, nani kakung'ata?" Nikamwambia chui. Akanipulizia kidonda kipoe.

Kijiweni nako nilisema ni chui, wa msitu wa Meru.

Saa 9 alasiri jirani yetu Mwanahalima aliona michubuko ya mtoto bombani, akaja kutoa taarifa. Simlaumu, naye ni mama. Saa 12 jioni askari walimchukua Silantoi. Akipanda gari alinitazama, akasema, "Kaka, sema." Nilitazama viatu vyangu.

Leo saa 2 asubuhi nilimpeleka mtoto hospitali pamoja na askari wa kike. Daktari alisema huko ni kuweweseka; mtoto anakuwa hajaamka na asubuhi hakumbuki, na wengi huacha wakikua. Asitikiswe wala kushikwa kwa nguvu, alindwe tu asiumie, na alazwe mapema. Yote hayo dada yangu alikuwa akiyafanya bila kufundishwa na mtu.

Hakuna chui. Ng'ombe naye tulimtoa watu sita. Kama ni kuwekwa ndani, niwekwe mimi, ila Silantoi awe nyumbani kabla ya saa mbili usiku. Mtoto akianza, anayejua kusubiri ni yeye.

Hayo ndiyo niliyoyafanya na kuyaona. Nimesomewa, ni kweli.

Sahihi: L. K. Meitamei

Maelezo nimeyaandika mimi na kumsomea shahidi. Alama za meno madogo nimeziona mkono wake wa kulia. Silantoi ametolewa mahabusu saa 10:30 jioni. Shahidi amebaki kituoni kwa mahojiano.
Koplo Elifuraha Anande