Wa Muda, Mwaka wa Sita

Nisrin, sijui nicheke au nilie!

Nimefika leba, mama mkwe wa mzazi kanizibia mlango. "Wewe si daktari wa muda? Sisi tunamtaka wa kudumu!"

Wa kudumu! Dokta Haitham huyo kaajiriwa jana. Mimi na mkataba wangu wa muda tuko mwaka wa sita hapa Irbid!

Nikakaa pembeni. Mara bega la mtoto likakwama. Haitham kanigeukia, jasho linamtiririka: "Kengele ya dharura iko wapi?"

KENGELE IKO WAPI, Nisrin!

Nikaibonyeza, nikamsogeza Haitham kando, nikamtoa mtoto. Kalia, alhamdulillahi.

Bibi yake, yule yule aliyenizibia mlango, vigelegele, vitamu vya baklawa vikagawiwa. Mtoto kaitwa Haitham.

Mimi, bibi kanishika mkono: "Mungu akujaalie, binti yangu, nawe siku moja uajiriwe."